Kabla ya Kuthibitisha Chuo, Tafuta Pengo la Ada

Mwanafunzi aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu, kwa namba ya siri anayotumiwa, ndani ya siku chache zinazotangazwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Majina ya waliopangiwa mkopo hutoka kwa awamu, na mara nyingi hutoka baada ya dirisha hilo kufungwa. Kwa hiyo familia huchagua chuo kabla ya kujua Bodi ya Mikopo (HESLB) itatoa kiasi gani, au kama itatoa chochote. Hapo ndipo makosa mengi huanzia, kwa sababu chuo anachokipenda kijana huthibitishwa kwa matumaini kwamba "mkopo utalipa".

Mkopo haulipi kila kitu. Bodi hupanga fedha kwa vipengele: chakula na malazi, vitabu na viandikio, ada, mafunzo kwa vitendo, utafiti na mahitaji maalumu ya kitivo. Kiasi anachopata kila mwanafunzi hutegemea uhitaji wake na kozi anayosoma. Mwingine hupata vipengele vyote, mwingine hupata fedha ya chakula tu na ada inabaki mikononi mwa mzazi. Hata aliyepangiwa ada anaweza kukuta kiasi hicho hakifikii ada ya chuo chake, na tofauti ni juu yake. Tofauti hiyo tuiite pengo la ada. Ndiyo namba ya kwanza ya kutafuta, kabla hata ya kuuliza deni litakuwa kubwa kiasi gani.

Tuchukue mfano wa shahada ya miaka mitatu. Chuo cha kwanza kinatoza ada ya shilingi 1,300,000 kwa mwaka, cha pili, kile anachokitaka, kinatoza 2,900,000. Tuseme amepangiwa ada ya 1,300,000 kokote aendako. Chuo cha kwanza pengo ni sifuri. Cha pili ni 1,600,000 kila mwaka, yaani 4,800,000 hadi amalize, na fedha hizo hazisubiri ahitimu. Zinadaiwa muhula kwa muhula, na asiyelipa anaweza kuzuiwa kusajiliwa au kufanya mitihani.

Sasa tuangalie deni lenyewe. Kiwango cha chakula na malazi ni 10,000 kwa siku. Tukihesabu siku 240 za chuo ni 2,400,000. Ongeza 200,000 za vitabu na ada ya 1,300,000, mwaka unakuwa na 3,900,000 na miaka mitatu 11,700,000. Bodi hutoza asilimia 1 ya uendeshaji, deni linafika 11,817,000. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikivimbisha madeni ya watu, iliondolewa mwaka 2021 pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kulipa.

Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa mshahara wa 800,000, makato ni 120,000 kwa mwezi, na deni hilo litaisha baada ya miezi 99, miaka minane na robo. Tuone pia kinachobaki. Mtumishi wa umma mwenye mshahara huo hukatwa 40,000 za mfuko wa hifadhi ya jamii, 24,000 za bima ya afya, 68,000 za kodi ya mapato na 120,000 za Bodi. Anaondoka na 548,000, kabla ya makato ya chama cha wafanyakazi. Ni makato mazito kwa kijana anayeanza maisha, na mzazi anayetegemea mwanawe aanze kusomesha wadogo zake mara tu akiajiriwa ayajue mapema.

Hata hivyo, kwa masharti ya sasa deni la Bodi ni la bei nafuu. Halizai riba, na kwa mwajiriwa hukatwa kulingana na mshahara. Kinachowatoa wanafunzi chuoni ni pengo la ada, hasa mwaka wa pili na wa tatu. Mwaka wa kwanza ukoo huchanga, ng'ombe huuzwa, kikoba hutoa. Mwaka wa pili michango inapungua na mzazi anaishia kwenye mikopo ya kausha damu. Akikopa 1,600,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba peke yake ni 160,000 kila mwezi, kubwa kuliko makato ya 120,000 ambayo mtoto atakuja kukatwa na Bodi. Na hizo 4,800,000 za pengo ni sawa na makato ya miezi 40. Kwa hesabu hii tunashauri wazi: kama pengo halina chanzo cha fedha kinachojulikana hadi mwaka wa mwisho, thibitisha chuo cha kwanza.

Gharama za mji nazo husahaulika. Bumu, yaani fedha ya Bodi ya chakula na malazi, la siku 60 ni 600,000, na hilo ni la kula na kulala. Anayepata kitanda katika hosteli za chuo hulimudu. Anayekosa na kupanga chumba cha 100,000 mtaani hutumia siku kumi za bumu kila mwezi kwa kodi tu, na wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ikiwamo miezi ya likizo ambayo Bodi hailipii. Bumu lenyewe linaweza kuchelewa baada ya chuo kufunguliwa. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha ada, kiulize kila chuo kama mwaka wa kwanza wanahakikishiwa malazi. Omba pia muundo kamili wa malipo ulioandikwa, wenye bima ya afya, usajili, kitambulisho, serikali ya wanafunzi na ada ya TCU ya udhibiti ubora, 20,000 kwa mwaka. Tangazo la ada peke yake halitoshi.

Je, chuo cha gharama kubwa hakifai kamwe? Inategemea kozi. Mwalimu wa shahada akiajiriwa serikalini huanza ngazi ileile ya mshahara, awe ametoka chuo chochote kinachotambuliwa. Mhasibu wa chuo chochote atafanya mitihani ileile ya bodi ya wahasibu (NBAA), na anayetaka uwakili atapita Shule ya Sheria kama wenzake. Kwa kozi hizi ni vigumu kutetea pengo la mamilioni kwa sababu ya jina. Kwa udaktari, uhandisi na maabara swali ni tofauti: kuna hospitali ya kufundishia, vifaa vinafanya kazi, wahadhiri wapo? Hapo tofauti ya fedha inaweza kuwa na thamani, ilimradi kozi imo kwenye mwongozo wa TCU.

Kanuni ya kufanyia kazi ni hii. Chora safu tatu kwa kila chuo: nikipata mkopo kamili, nikipata nusu, nikikosa. Kila safu andika fedha ya mfukoni ya mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, kisha andika jina la mtu au chanzo kitakachoilipa. Palipo na alama ya kuuliza ndipo pa kuzungumza na wazazi na walezi, kabla ya siku ya mwisho ya kuthibitisha.

Ombi la mkopo nalo lisiharibike kwa mambo madogo. Majina ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne yakitofautiana, au vyeti vya kuzaliwa visipohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ombi hukwama. Aliyekosa au kupangiwa kidogo afuatilie akaunti yake ya mwanafunzi kwenye mfumo wa Bodi na akate rufaa dirisha likifunguliwa, akiwa na vielelezo vipya vya uhitaji. Kurudia barua ileile hakusaidii. Na anayewaza "nitaanza huku, nitahama mwaka wa pili" ajue kwamba uhamisho una muda wake na taratibu zake, na mkopo haumfuati wenyewe: vyuo vyote viwili na Bodi lazima vijulishwe, na wakati huo kodi ya chumba inaendelea kudaiwa.