Deni la Ajenti na Makato ya Mshahara: Sheria Inavyosema

Malalamiko ya Wakenya waliorejea kutoka nchi za Ghuba yanaendelea kufika katika ofisi za leba hapa Nairobi, na mengi yanafanana: mfanyakazi aliahidiwa mshahara fulani na ajenti, yaani anayewatafutia watu kazi ng'ambo, akafika, akakatwa miezi ya mwanzo ili "kufidia gharama", kisha akaambiwa kwamba hawezi kuondoka kabla ya deni kuisha. Jambo linalotushangaza ni kwamba wengi wa walalamishi hao wanaamini makato hayo yalikuwa halali kwa sababu tu walitia sahihi.

Sahihi haihalalishi kilichokatazwa. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataja makato yanayoruhusiwa, yakiwemo michango ya akiba ya uzeeni, fidia ya kiasi kwa mali ya mwajiri iliyoharibiwa kwa makusudi, mshahara usiozidi wa siku moja kwa kila siku ya utoro, na pesa zilizolipwa kimakosa kupita mshahara halisi. Kifungu hicho hicho kinamkataza mwajiri kukata mshahara kama malipo ya kumpatia mtu kazi au ya kumwacha aendelee nayo. Mwajiri anayekiuka masharti hayo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au adhabu zote mbili.

Mkopo ni jambo jingine, na hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Mwajiri aliyemkopesha mfanyakazi pesa kwa mapatano ya maandishi anaweza kuzikata, mradi makato hayo yasizidi nusu ya mshahara unaobaki baada ya makato mengine, na jumla ya makato yote yasipite theluthi mbili za mshahara. Karatasi ya mkopo huonyesha kiasi ulichopokea mkononi au kwenye simu. Karatasi ya ajenti huorodhesha tiketi, viza na "mafunzo", vitu ambavyo huenda mwajiri ameshavilipia, na hiyo si karatasi ya mkopo.

Ni kweli kwamba mshahara unaolipwa Riyadh au Dubai unaongozwa na sheria za huko, lakini sheria hizo nazo hazimpi ajenti nafasi anayodai kuwa nayo. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Kazi ya Saudi Arabia kinamtwika mwajiri ada za kuajiri, kibali cha ukaazi na tiketi ya kurudi, ingawa wafanyakazi wa nyumbani wana kanuni zao za pekee. Sheria ya kazi ya Umoja wa Falme za Kiarabu ya 2021 inakataza kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa.

Kwa upande wetu, mkataba wa kazi ya ng'ambo sharti uthibitishwe na afisa wa leba, ambaye lazima aridhike kwamba mfanyakazi ameuelewa na hakushurutishwa wala kudanganywa. Afisa anapomwuliza msichana atalipwa kiasi gani, naye ajenti akawahi kumjibia, karatasi hizo hurudishwa. Anayemshawishi mtu kusafiri bila mkataba wa namna hiyo anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au yote mawili. Aliyemsafirisha mtu kwa udanganyifu ili awekwe katika hali ya utumwa huangukia Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010, ambayo kifungo chake hakipungui miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Leseni ambayo ajenti hupewa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na ambayo huning'inizwa ukutani ili wateja waione, si ruhusa ya kutoza chochote ajenti atakacho, na tumechoka kulieleza hilo kila wiki. Vilevile, anayemlipa ajenti kwa noti kwenye afisi ya barabara ya River Road, hapa Nairobi, na kuondoka bila risiti anatuachia kazi ngumu isiyo ya lazima. Lipa kwa M-Pesa, hifadhi ujumbe, mwachie jamaa nyumbani nakala ya mkataba, kisha ulete malalamiko mapema, kwa kuwa madai ya mkataba wa kazi hufunguliwa ndani ya miaka 3, na muda huo haukungojei umalize kulipa deni.