Kurudi baharini baada ya kupata ulemavu: maswali na majibu kwa wakazi wa Tanga

Niliumia uti wa mgongo nilipoanguka kutoka mnazini, na miguu haina nguvu. Je, ninaweza kuogelea tena?

Mara nyingi inawezekana, mradi mfupa umeunga, ngozi haina kidonda, na daktari anayekutibu ameridhia. Kuogelea kulikuwamo katika Michezo ya Paralimpiki ya kwanza, iliyofanyika Roma mwaka 1960, kwa kuwa maji hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili, na asiyeweza kusimama nchi kavu huweza kujisogeza mwenyewe ndani yake. Hata hivyo, mwili wako hauelei kama zamani. Miguu iliyokonda misuli huinuka na kuusukuma uso chini, na aliyekatwa mguu mmoja huvutwa kugeukia upande. Kwa hiyo jaketi la kuokolea lijaribiwe kwanza kwenye maji ya kiunoni, wasaidizi wawili wakiwa karibu, hadi mwone kwamba linakulaza chali. Waliokuwa waogeleaji hodari ndio hasa hulipuuza jambo hili.

Niende saa ngapi?

Wavuvi wa hapa watakujibu vizuri kuliko kitabu. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Tanga hukauka mnamo saa nne asubuhi na kuacha matope na mawe mahali pa kuogelea, kisha hurudi kwa mkondo mkali. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hujaa karibu na saa hiyohiyo ya nne na hayaendi mbio. Asubuhi kama hiyo, kabla upepo wa mchana haujaanza, ndiyo inayofaa kwa anayejifunza upya, iwe Raskazone au kwingineko.

Ni hatari gani ambayo watu hawaioni?

Ngozi isiyohisi. Mtu huvutwa juu ya matumbawe, hukaa juu ya mchanga uliochomwa na jua, au huchomwa na miiba ya baharini bila kujua lolote, na mchubuko mdogo hugeuka kidonda kinachochukua miezi kupona. Vaa viatu vya maji na suruali ndefu, ubebwe, usiburuzwe, keti juu ya mto hata ufukweni. Ukitoka, jisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, jikaushe, kisha kagua kwa kioo matako, visigino na vifundo, au umwombe ndugu unayemwamini akuangalie. Kumwomba mtu kazi hiyo kunatia haya, lakini kidonda cha matako kitakulaza kitandani muda mrefu zaidi. Kiti cha magurudumu nacho kisuuzwe, kwani chumvi hula beringi.

Nikiwa majini kichwa kikaanza kuuma ghafla na uso ukatoka jasho, je, ni jua tu?

Usikisie. Kwa aliyeumia uti wa mgongo kuanzia usawa wa chembe cha moyo kwenda juu, kibofu kilichojaa, haja kubwa iliyokwama au mkanda unaobana huweza kupandisha shinikizo la damu kwa ghafla na kuhatarisha maisha. Tolewa majini, uketishwe wima, ulegezwe nguo, na mkojo utolewe, au mpira wa mkojo ukaguliwe kama umejikunja. Dalili zisipopungua, upelekwe hospitali mara moja. Ndiyo maana inafaa kutoa mkojo kabla ya kuingia. Jua nalo lina hatari yake, kwa sababu sehemu iliyo chini ya jeraha haitoi jasho ipasavyo; kunywa maji na ulowanishe kichwa.

Na ngalawa?

Ngalawa ina mirengu na matengo, yaani miti na mbao za pembeni, hivyo haiyumbi kama mtumbwi mtupu. Keti chini kabisa, mgongo ukiegemezwa mto, na uvae jaketi lililokwisha kujaribiwa. Wapo wanaomfunga mgonjwa kamba kwenye chombo kwa nia njema ili asianguke. Wakatalie, kwa kuwa chombo kikipinduka atabaki amefungwa chini yake.