Kumchorea mtoto wa nchi nyingine picha ya uso wake: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tangu mwaka 2004, Memory Project, mradi ulioanzishwa na Ben Schumaker huko Wisconsin, Marekani, umekuwa ukiwapa wanafunzi wa sanaa picha za watoto wa nchi nyingine wawachore. Michoro hupelekewa watoto wenyewe, iwe mali yao. Wengi wao wamepitia vita, ukimbizi, ufukara au kufiwa na wazazi. Kuna mambo yanayosemwa kuhusu kazi hii ambayo hayana mashiko.

"Lazima uwe na kipaji." Kipaji kinasaidia, ila kufanana kunaletwa na vipimo. Igawe picha kwa miraba, karatasi nayo uigawe kwa idadi ileile, kisha uhamishe mistari mraba kwa mraba. Kabla ya kutia vivuli, geuza vyote viwili juu chini uvilinganishe. Jicho lililopanda litajitokeza lenyewe.

"Uso wa mtoto ni wa mtu mzima uliopunguzwa." Hapa ndipo wengi huharibu. Macho ya mtu mzima hukaa takribani katikati, ukipima kutoka utosini hadi kidevuni. Ya mtoto mdogo yako chini ya hapo, kwa kuwa fuvu limetangulia kukua na taya bado halijalifikia. Paji huwa pana, pua fupi. Mistari nayo huzeesha: mkunjo utokao puani hadi pembe ya mdomo, ukiuchora kwa mstari mkali, mtoto wa miaka 7 anageuka mjomba wake. Utie kivuli chepesi, basi. Meno vilevile, usitenganishe jino na jino kwa mstari mweusi. Onyesha ufizi na ncha za meno, kwingine uache karatasi nyeupe. Pengo likiwepo libaki, ni lake.

"Ngozi nyeusi ni kukandamiza penseli." Hili linanikera kuliko yote. Ukikandamiza, risasi ya penseli inang'aa vibaya na uso unakuwa bapa. Panda tabaka kwa tabaka, penseli ya 2B kwanza, halafu 4B na 6B zilizo laini na nyeusi zaidi, ukilinda mng'ao wa paji, ncha ya pua, mashavu na mdomo wa chini. Nywele za kipilipili zianze kama umbo moja zima, ndipo utie vizingo vidogovidogo. Ukingo wake usikatwe kama kofia. Na kumng'arisha mtoto ngozi eti apendeze? Huyo utakayemchora ni mtoto mwingine.

"Picha ya kamera haidanganyi." Inadanganya. Simu ikisogezwa karibu sana na uso hukuza pua na kufanya masikio yaonekane madogo. Omba picha iliyopigwa kwa umbali wa hatua mbili tatu, kwenye mwanga wa kutosha.

"Mchoro wa huzuni unagusa zaidi." Unamgusa nani? Mpokeaji ni mtoto, si mtazamaji wa maonyesho. Usimwongezee chozi wala nguo iliyochanika. Kinyume chake nacho ni kosa: akiwa amekaza uso, usimbandike tabasamu, maana sehemu nyingi watu husimama hivyo mbele ya kamera na wala hawana huzuni. Ukitaka kumfurahisha, uliza rangi anayoipenda uipake nyuma yake.

"Nikishamchora, naweza kumweka mtandaoni." Mlezi alitoa picha kwa ajili ya kuchorwa tu. Kusambaza kunahitaji ruhusa nyingine. Jina la kwanza linatosha, tena nyuma ya karatasi, na anakoishi pasitajwe.

"Karatasi ni karatasi." Ya kawaida hugeuka manjano, tafuta isiyo na asidi. Mkaa na pasteli (vijiti laini vya rangi kama chaki) hupulizwa dawa ya kushikisha, la sivyo uso utafika umefutika nusu. Isafiri bapa, katikati ya vipande viwili vya kadibodi, na isizidi ukubwa wa begi la shule, kwa sababu baadhi ya watoto hawa watahama tena.