Kabla dawa haijaingia mwilini: maswali na majibu kuhusu makosa ya tiba

Makosa ya tiba hutokea mara nyingi kiasi gani?

Kuliko wengi wetu tunavyodhani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hudhurika kutokana na huduma yenyewe, si ugonjwa uliompeleka hospitalini. Karibu nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuiwa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Si uzembe tu wa daktari au nesi?

Uzembe upo, lakini mara nyingi aliyekosea ni mtu makini aliyechoka, mbele ya vichupa viwili vinavyofanana. Au kosa ni nukta tu. Daktari ameandika "1.0 mg", nukta imefifia, msomaji anaona 10, na mgonjwa anapewa dozi mara kumi. Vivyo hivyo ".5" husomwa 5. Ndiyo maana wahudumu hufundishwa kuandika "1" bila sifuri nyuma yake, na "0.5" yenye sifuri mbele. Ukimfukuza aliyesoma vibaya ukaacha uandishi uleule, kesho atakosea mwingine.

Dawa zipi ni za kuangaliwa zaidi?

Insulini, morfini na dawa za kuzuia damu kuganda. Metotreksati nayo, inapotumika kwa baridi yabisi, humezwa mara moja tu kwa wiki. Akiimeza kila siku, mgonjwa anaweza kuishiwa chembe za damu na kufa. Hata parasetamoli si ya kuchezea: imo pia ndani ya dawa nyingi za mafua, kwa hiyo mtu huimeza mara mbili bila kujua. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24.

Na dawa ya maji ya mtoto?

Acha vijiko vya jikoni. Kijiko cha chai huhesabiwa mililita 5, cha mezani 15, yaani mara tatu. Omba bomba la kupimia lisilo na sindano, kisha mwambie mfamasia akuonyeshe kwa kidole mstari wa kuishia. Mtaje mtoto kwa uzito wake pia, maana dozi nyingi za watoto hupigiwa hesabu kwa kilo.

Naogopa kuuliza. Sitaonekana namdharau daktari?

Hofu hii naielewa, na ndiyo ningependa tuiache kuliko kitu kingine chochote. Wewe, au ndugu anayekuuguza, ndiye jicho la mwisho kabla dawa haijaingia mwilini. Sema kwa adabu: "Samahani daktari, naomba nirudie ulivyonieleza, unisahihishe nikikosea." Nesi akija na sindano: "Samahani nesi, hii ni dawa gani, na ni ya kutibu nini?" Kama una mzio wa penisilini, mwambie kila anayekuhudumia, hata kama umeshalisema mara tano.

Usiitikie tu jina unaloitwa. Mgonjwa mwenye usingizi huitikia jina lolote. Taja mwenyewe majina yako kamili na tarehe ya kuzaliwa.

Kwenye upasuaji je?

Mwaka 2008 WHO ilitoa orodha ya ukaguzi yenye vipengele 19, ambayo timu huisoma kwa sauti: mgonjwa ni nani, anapasuliwa wapi, vitambaa vimehesabiwa vyote? Ilipojaribiwa katika hospitali 8, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Nawe omba sehemu ya kupasuliwa iwekewe alama ya kalamu ukiwa macho.

Kosa likishatokea nifanye nini?

Sema papo hapo, hata kama aliyekosea ni wewe. Chukua pakiti, chupa na dawa iliyobaki, uende navyo hospitalini. Usingoje dalili. Parasetamoli iliyozidi huweza kuharibu ini kimyakimya kwa siku nzima au mbili, ilhali dawa ya kuizima hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 za kwanza.