Jina la Mama Katika Daftari la Morfini: Maswali na Majibu

Maswali yaliyo hapa chini ni yale ambayo wagonjwa na wauguzaji wao hutuuliza katika dirisha la dawa hapa Tanga, mara nyingi kwa kunong'ona, baada ya kuhakikisha kwamba aliye nyuma yao kwenye foleni hasikii.

Mama yangu ana saratani na anatumia morfini ya maji, dawa ya maumivu makali. Kila tunapofuata dawa, jina lake huandikwa kwenye daftari kubwa. Linakwenda wapi?

Linabaki humo humo. Daftari hilo huhifadhiwa kwa kufuli kama dawa yenyewe, na kila ukurasa una safu za tarehe, jina la mgonjwa, namba ya cheti, kiasi kilichotoka, salio na sahihi. Safu tunayoiangalia kwa makini zaidi ni ya salio. Zamu inapobadilishana, anayeondoka na anayeingia hupima dawa iliyobaki na kuilinganisha na tarakimu ya mwisho. Ikipungua mililita 20, hurudi nyuma mstari kwa mstari mpaka zijulikane zilikokwenda. Jina la mama limo kwa sababu kila dawa iliyotoka ni lazima iwe na mtu aliyeipokea.

Utaratibu huu una mizizi katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Dawa za Kulevya wa mwaka 1961, unaotaka kumbukumbu za dawa kama morfini, pethidini na methadoni zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 2. Taarifa ambazo nchi hupeleka kila mwaka kwa bodi ya kimataifa ya kudhibiti dawa za kulevya iliyoko Vienna ni za kiasi cha dawa kilichotumika, kwa kilo na gramu. Majina ya wagonjwa hayamo.

Kwa hiyo kuandikwa humo si kuwekwa kwenye orodha ya mateja?

Hapana, na neno hilo lisitumiwe kwa mgonjwa yeyote. Mama anayepewa morfini kwa sababu ya maumivu ya saratani anatibiwa. Mgonjwa wa kifafa anayemeza fenobabitali kila usiku naye anatibiwa, ingawa dawa yake imo katika mkataba mwingine wa udhibiti, wa mwaka 1971. Nimeona wazazi wakimtaja mtoto kwa jina la uongo ili kifafa chake kisijulikane mtaani. Hofu yao naielewa, lakini jina la uongo linaharibu kumbukumbu za dozi, na siku mtoto akilazwa na degedege hakuna atakayejua alikuwa anapewa kiasi gani.

Nani ana ruhusa ya kulifungua daftari hilo?

Mtoa dawa aliye zamu na msimamizi wake, kwa kazi ya kila siku. Daktari anayekutibu anaweza kuuliza juu yako, si juu ya jirani yako. Wapo pia wakaguzi: wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, wa Baraza la Famasi, na maofisa wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mkaguzi anayefika kuhakiki salio hana haja ya kujua mama anaumwa nini. Kwa mtazamo wangu, msimamizi mzuri humpa mkaguzi ukurasa unaohusika na kukaa naye mpaka amalize. Hamwachii daftari zima akaenda kunywa chai.

Bima nayo huona dawa zako kupitia fomu ya madai unayotia sahihi, jambo ambalo wengi hulisahau.

Na polisi?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaacha nafasi kwa upelelezi wa makosa ya jinai. Nafasi hiyo haimaanishi kwamba kila anayejitambulisha kuwa ofisa apewe daftari dirishani. Mtoa dawa ana haki ya kuomba kitambulisho na hati inayoeleza kinachotafutwa, kumwita msimamizi, na kuandika nani ameonyeshwa nini na siku gani.

Swali hili limewasumbua wengine pia. Jimbo la New York nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 1972 iliyotaka nakala ya kila cheti cha dawa kali ipelekwe serikalini na majina yaingizwe kwenye kompyuta. Wagonjwa na madaktari walishtaki, na mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani iliiacha sheria hiyo iendelee kutumika, ikizingatia jinsi kumbukumbu zilivyolindwa: vyeti viliteketezwa baada ya miaka 5, kompyuta haikuunganishwa na nyingine nje, wafanyakazi wa idara walioweza kuyafikia mafaili walikuwa 17 pamoja na wapelelezi 24, na aliyevujisha aliweza kufungwa. Hesabu ya namna hiyo, ya watu wenye ufunguo, kila kituo kingeweza kuibandika ukutani.

Kaka yangu anakunywa methadoni, dawa ya kumsaidia kuacha heroini, kila asubuhi. Mwajiri wake amepiga simu kuuliza. Ajibiwe?

Asijibiwe, hata kwa ndiyo au hapana.

Je, mimi mwenyewe naweza kuona kilichoandikwa juu yangu?

Unaweza. Sheria hiyo ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa binafsi nyeti, na inakupa haki ya kuziona zako na kuomba zirekebishwe zikiwa na kosa, ziwe kwenye kompyuta au kwenye karatasi. Omba kwa maandishi na ubaki na nakala. Ukinyimwa bila sababu, unaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa Aprili 2024. Usitarajie kupewa ukurasa mzima, maana mistari ya juu na ya chini yako ni ya watu wengine. Utasomewa au kunakiliwa mstari wako.

Mjomba ndiye anayetumwa kuchukua dawa. Ni lazima naye aandikwe?

Ndiyo, pamoja na kitambulisho chake. Mpeni cheti chenyewe mkononi; picha ya cheti iliyotumwa kwenye kundi la familia la WhatsApp imeshasomwa na watu 40 kabla mjomba hajafika stendi.

Daftari likijaa na muda wake ukapita?

Linapaswa kuteketezwa mbele ya mashahidi, na uteketezaji uandikwe. Nasema hivi kwa sababu jioni moja, Ngamiani, nilinunua karanga zilizofungwa kwenye karatasi ya mistari, na nilipoikunjua nikakuta safu ya tarehe, diazepamu vidonge 10, na jina kamili la mwanamke pamoja na mtaa wake. Muuzaji alikuwa amenunua karatasi hizo kwa kilo na hakujua zimetoka kituo gani. Nilimlipa bunda lote lililobaki, na usiku ule nikaliingiza jikoni, ukurasa mmoja mmoja, chini ya sufuria ya maji.