Folkkalender: kalenda ya kusoma, si ya kutundika

Kwetu ukitaja kalenda, mtu hutazama ukutani. Katika Uswidi ya karne ya 19, neno hilohilo, kalender, lilikuwa pia jina la kitabu: kitabu kinachotoka mara moja kwa mwaka, kimejaa hadithi fupi, mashairi, picha na maisha ya watu mashuhuri.

Kilichovuma miaka mingi kuliko vingi kiliitwa Svea. Svea ni jina la kishairi la Uswidi yenyewe, nchi inayochorwa kama mama. Mchapishaji alikuwa Albert Bonnier, mzaliwa wa Copenhagen, aliyekianzisha Stockholm mwaka 1844 akiwa kijana wa miaka 24 tu. Toleo lile la kwanza lilikuwa la mwaka 1845, maana vitabu vya namna hii hubeba mwaka unaokuja, kama kalenda yoyote.

Umbo lenyewe halikuwa jipya. Paris ilikuwa na kitabu cha mwaka cha mashairi tangu 1765, Wajerumani wakafuata, na huko Uswidi mshairi Atterbom alishatoa chake, Poetisk kalender, kati ya 1812 na 1822. Lakini hivyo vilikuwa vya washairi na marafiki zao wasomi. Svea ilijiita folkkalender, na uzito wote uko kwenye folk: watu, umma.

Na umma huo kusoma ulijua. Sheria ya kanisa ya 1686 ilidai watoto na watumishi wafundishwe kusoma. Mchungaji alipita akiwapima watu kwa katekisimu. Mwaka 1842, miaka miwili kabla ya Svea, ikaja sheria ya kila usharika kuwa na shule. Sasa fikiria nyumba yenye Biblia, kitabu cha nyimbo na almanaki. Anayejua kusoma akishavimaliza, asome nini? Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa la folkkalender: ilimpa mtu wa kawaida waandishi wengi ndani ya jalada moja, naye hakulazimika kumjua hata mmoja wao kabla ya kununua.

Baadaye magazeti ya picha ya kila wiki yakaingia majumbani na hadithi zake, na kusubiri mwaka mzima kukawa kurefu. Svea ilikoma 1907. Mwaka huohuo kampuni ya Bonnier ilianzisha jarida la kila mwezi.