“Nikistaafu nitamtisha nani?” na dhana nyingine za wastaafu wa vyama

Kila semina ya wanaokaribia kustaafu ina mtu wake, na mara nyingi ndiye aliyekuwa mwakilishi machachari kuliko wote kwenye tawi la chama cha wafanyakazi. Anasubiri nimalize habari za mafao, ananyoosha mkono, anasema: “Komredi, tusidanganyane. Nguvu ya mfanyakazi ni mgomo. Mimi nikishastaafu nitagoma nini? Nitamtisha nani?” Ukumbi mzima unacheka. Swali hili limenikifu, kwa hiyo leo nalijibu kwa maandishi, na mengine mawili matatu nitayamaliza humohumo.

“Mstaafu hagomi, kwa hiyo hana nguvu”

Kwamba hagomi ni kweli. Hana mashine ya kuzima wala zamu ya kususia. Lakini anayesema hivyo, tena mtu aliyewahi kuongoza tawi, amesahau kwa nini wenzake walikuwa wakinyamaza mkutanoni. Hoja walikuwa nazo. Waliogopa kufukuzwa, kuhamishwa, kurukwa kwenye kupandishwa vyeo, kupangiwa usiku mfululizo. Siku ya kustaafu mfanyakazi anapoteza mgomo, na mwajiri naye anapoteza fimbo hiyo. Mstaafu anaweza kusema mbele ya waandishi wa habari, kwa jina lake kamili, yale ambayo aliye kazini anayanong’ona chooni.

Halafu kuna kumbukumbu, na hapa ndipo wenzangu wengi hawanielewi. Chukua asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika viwandani. Saratani yake ya utando wa mapafu hujitokeza miaka 20, 30, hata 40 na zaidi baada ya mtu kuvuta vumbi. Kufikia hapo kiwanda pengine kimefungwa, kampuni imebadili jina na mafaili hayaonekani. Mgonjwa akidai fidia anatakiwa aonyeshe kwamba alifanya kazi pale na kwamba vumbi lilimfikia. Shahidi wake ni nani? Ni yule aliyekuwa akishika fagio pamoja naye: anayekumbuka mabomba ya chumba cha boila yalivyozungushiwa asbesto, kwamba sakafu ilifagiwa kavu bila kunyunyiziwa maji, kwamba barakoa zilitolewa siku ya ukaguzi na jioni zikarudishwa stoo. Huko Casale Monferrato, Italia, kiwanda cha asbesto cha Eternit kilifungwa mwaka 1986. Kesi kubwa ya jinai ilianza Turin mwaka 2009, zaidi ya miaka 20 baadaye, na waliosukuma madai muda wote huo walikuwa wagonjwa, familia zao na wanaharakati wa vyama waliokijua kiwanda kile kwa ndani. Sasa niambie mtu huyo hana nguvu.

Ndiyo maana nina ushauri mmoja ninaoutoa mpaka watu wanakereka: kabla mwaka wako wa kwanza wa kustaafu haujaisha, nunua daftari. Andika ulifanya kazi na nani, kitengo gani, kuanzia lini hadi lini, mlishika kemikali gani, msimamizi alikuwa nani, nani aliumia na taarifa ilipelekwa wapi. Hati za mshahara, ratiba za zamu na mihutasari ya vikao vya tawi usichome. Wastaafu wana ugonjwa wa kufanya usafi mkubwa wiki ya kwanza, na kinachoishia motoni ni boksi ambalo mjane wa mwenzao atalitafuta miaka kumi baadaye.

Na wakikusanyika, wastaafu wana kitu ambacho mwanachama aliye kazini hana: muda wa kurudi tena na tena. Marekani, National Council of Senior Citizens (Baraza la Taifa la Wazee) iliundwa mwaka 1961 kwa msaada mkubwa wa vyama vya wafanyakazi, ikazunguka na kubisha hodi kwa wanasiasa hadi Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wenye miaka 65 na zaidi, ikawa sheria mwaka 1965. Uingereza, Jack Jones alistaafu ukatibu mkuu wa chama cha Transport and General Workers’ Union mwaka 1978, kisha akawa sura ya harakati za wastaafu kwa miongo iliyofuata, mpaka uzeeni kabisa. Alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 96. Huko Buenos Aires, Argentina, wastaafu wamekuwa wakiandamana mbele ya Bunge kila Jumatano, desturi iliyoanza miaka ya 1990, na Machi 2025 mashabiki wa timu za mpira waliungana nao barabarani. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyehitaji mashine ya kuzima.

“Uanachama unakufa siku ya kustaafu”

Soma katiba ya chama chako kabla hujaagwa kwa keki na hotuba. Vyama vingi vina ngazi ya wanachama wastaafu kwa ada ndogo, ila mtu asipojaza fomu anafutwa kimyakimya makato ya mshahara yakikoma. Kamati ya Uhuru wa Kujumuika ya Shirika la Kazi Duniani imeshasema kwamba sheria isiwazuie wastaafu kujiunga na vyama wakitaka. Italia, wastaafu wamekuwa karibu nusu ya wanachama wote wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la CGIL, wakiwa na chama chao ndani yake, SPI.

Kwa kawaida utapoteza kura ya mgomo na ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri. Ni haki kabisa. Asiyekatwa mshahara siku ya mgomo asiwapigie kura wanaokatwa.

“Chama kitaendelea kunijadilia kama zamani”

Si lazima. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1971, katika kesi ya kampuni ya vioo ya Pittsburgh Plate Glass, kwamba waliokwishastaafu si “waajiriwa” kwa maana ya sheria ya majadiliano, hivyo mwajiri halazimiki kujadili mafao yao. Kwingine sheria ni nyingine, lakini mezani wanakaa walio kazini, na wana shida zao. Pelekeni madai ya wastaafu kwa maandishi kabla majadiliano hayajafunguliwa. Mkija mkataba umeshasainiwa, mtapewa pole.

“Wazee wakibaki, vijana watabanwa”

Hutokea, na kosa huwa la wazee. Mstaafu anayedai uenyekiti, au anayeanza kila mchango kwa “enzi zetu”, arudi nyumbani akapumzike. Anayekuja mapema kupanga viti, kupika chai kwenye mstari wa mgomo, kukaa na watoto wa wagomaji, au kumsindikiza kliniki aliyeumia kazini, huyo hakuna kijana atakayemfukuza. Kazi za namna hii ndizo zinazofanya mgomo ushinde, na hazipiganiwi na mtu.

“Nilikuwa mwakilishi miaka mingi, sheria naijua”

Unaijua ya wakati wako. Hii ndiyo dhana yenye madhara ya haraka kuliko zote, kwa sababu kijana aliyefukuzwa anamwamini mzee wa mtaani kuliko ofisi ya chama. Muda wa kufungua shauri la kuachishwa kazi huhesabiwa kwa siku au miezi michache, unabadilishwa na sheria mpya, na kwa kawaida unaanza kukimbia tangu tarehe ya kuachishwa. Mzee anayesema “subiri kwanza, nitaongea na meneja, tunafahamiana” anaweza kumpotezea mtu kesi nzima. Kijana akikujia, piga nakala ya barua, andika tarehe aliyoipokea, mpeleke tawini leo. Meneja utaongea naye baadaye, kama bado yupo.